Kikombe Chenye Jina Langu

Nekesa wangu,

Salamu naziruka, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukipigana na zipu ya begi. Hali yako naijua: umeikasirikia zipu. Hali yangu utaijua ukimaliza kusoma. Nimeketi kwenye meza ya kulia tangu tutoke kanisani, na ukipita hapa uniulize naandika nini, nitasema ni barua ya mchungaji. Utajua nadanganya, kwa sababu tangu lini mimi nikamwandikia mchungaji?

Maagizo ya safari mamako ameshayamaliza. Blanketi, sufuria, baridi ya Eldoret, mwenye nyumba, vijana wa kanisa la kule na vijana wasio wa kanisa. Nilijaribu kuongeza neno kuhusu kufuli la mlango, nikaambiwa hilo limesemwa mara mbili. Kwa hiyo sina agizo. Nina jambo ambalo limenikaa kooni tangu Alhamisi, na kesho asubuhi unaondoka.

Alhamisi nilikuwa natafuta ile karatasi ya tokeni ya stima, nikafungua bahasha yako ya kazi. Najua, si adabu. Nikasoma: muuguzi wa kliniki ya kiwanda. Nikajivuna peke yangu kama jogoo. Nikaendelea kusoma majukumu: huduma ya kwanza, majeraha madogo, akina mama wajawazito. La nne likasema: kusimamia upimaji wa dawa za kulevya kwa wafanyakazi wote. Nikaketi kwenye kitanda chako, bahasha mkononi, hadi mamako akaniuliza kama nimeshikwa na mgongo.

Jioni hiyo mezani nikakuchokoza makusudi. Nikasema, "Kumbe utakuwa askari wa mikojo." Ukacheka. Ukasema, "Baba, hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Unampa mtu kikombe, unatia kijiti. Kikisema bangi, ni bangi. Mkojo haudanganyi." Nikapaliwa. Ukanigonga mgongoni, ukasema, "Buda, tafuna kwanza!" Mkacheka, wewe na mamako, mkidhani ni sukuma wiki.

Mkojo hudanganya, Nekesa. Najua kwa sababu niliudanganyisha mimi mwenyewe. Na mkojo wenyewe ulikuwa wako.

Usitupe barua bado. Subiri nikuambie kwa utaratibu, nami nitajaribu kutosimama kila dakika. Nimeshasimama mara tatu tangu nianze. Chai yangu imepoa, nimeipasha, imepoa tena.

Ulikuwa na miaka minane, unasoma darasa la pili. Nyumba ni hii hii ya mtaa wa Jericho, ila rangi ilikuwa mpya. Mimi nilikuwa dereva wa foklifti, lile gari dogo lenye meno mawili ya chuma ya kuinulia mizigo, katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area. Zaidi ya hapo, wenzangu walikuwa wamenichagua niwe msemaji wao mbele ya kampuni. Waliniita Stiwadi. Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Hata sokoni nilikuwa natembea kama mtu anayeelekea mkutanoni.

Na nilikuwa navuta bangi. Sitaipamba. Nilikuwa navuta Jumamosi baada ya zamu, nyuma ya gereji moja karibu na reli, na siku nyingine yoyote niliyoamua kuiita Jumamosi. Mamako alijua. Wewe ulidhani ile harufu ni ya kiwanda.

Sasa foklifti ile haikuwa na springi za kusifika, na mgongo wangu ukaanza kulalamika. Nikaenda kwa daktari, nikapewa vidonge vya kulegeza misuli. Pale duka la dawa yule mama akanieleza vizuri kabisa: "Mzee, hivi vinaleta usingizi. Usichanganye na pombe, hata kidogo." Nikamtii! Wiki hiyo nilikataa bia ya bure kwenye ruracio ya mwenzetu, sherehe ya kupeleka mahari, watu wakashangaa. Bangi hakuitaja, na mimi singeweza kumuuliza, kwa sababu msaidizi wake pale kaunta alikuwa akiimba sauti ya pili na mamako kwaya moja. Kwa hiyo nikajijibu mwenyewe. Amesema pombe. Bangi si pombe. Nikajiona mgonjwa mwenye nidhamu ya kutosha kupewa cheti.

Siku ya nne nilimeza kidonge asubuhi, na saa ya chai nikavuta mikupuo mitatu ya bangi. Vitu viwili hivyo vikakutana ndani yangu. Moyo ulianza kukimbia kana kwamba unafukuzwa, na wakati huo huo kope zikawa nzito kama magunia. Mtu anakimbia na kulala kwa pamoja, na bado ameshika usukani. Nilitia gia nikidhani narudi nyuma. Foklifti ikaenda mbele. Rundo la katoni za sabuni za mche likaporomoka, na kando ya rundo hilo alikuwa amesimama Mutua.

Naam, anko Mutua wako. Wewe unamjua kama mzee wa Tassia anayechonga miiko na vinyago. Wakati huo alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka huu, shemasi kanisani, na pale kiwandani alikuwa karani wa stoo. Alikuwa na ubao wake wa karatasi kifuani na kalamu nyuma ya sikio. Hakuwahi kuvuta hata sigara. Pombe ya chang'aa aliijua kwa harufu ya wengine. Siku hiyo aliruka. Sijawahi kumwona mtu mwenye kitambi akiruka namna ile. Jino la foklifti lilipita mahali hasa tumbo lake lilipokuwa.

Nikashuka. Mutua akaja karibu, akaninusa, akaniangalia machoni. Meneja alikuwa tayari anakuja mbio. Kabla sijafungua kinywa Mutua akasema, "Ni sakafu, bosi. Sabuni imemwagika hapa. Hata mimi nimeteleza." Akainua kiatu chake kuonyesha. Kiatu kilikuwa kikavu kama biskuti.

Jioni tulitembea kurudi nyumbani hadi karibu na daraja la reli.

"Baba Nekesa," akasema, "ukitaka kufa, kufa peke yako. Mimi nina watoto."

"Pole, ndugu yangu."

"Pole haina breki."

Basi. Kampuni haikuiamini sana ile sakafu. Ijumaa wiki iliyofuata meneja akaniita ofisini, akanipa tangazo nilibandike ukutani kwenye kantini, kwa kuwa mimi ndiye Stiwadi. Nililibandika kwa mkono wangu. Jumatatu kila mfanyakazi atatoa mkojo. Atakayepatikana na bangi anaenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Mwisho wa wiki ule nilikunywa maji ya ndimu, nikanywa siki, nikakimbia kuzunguka uwanja hadi watoto wakanishangilia. Hakuna kilichosaidia, na wewe muuguzi unajua kwa nini. Pombe huja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Bangi huhamia, inakaa kwenye mafuta ya mwili wiki baada ya wiki hata kama kichwa chako kilishatulia zamani.

Jumatatu alfajiri nikakuamsha. Nilikuwa nimeosha chupa ya dawa ya kikohozi kwa maji ya moto.

"Nekesa, kojoa humu."

"Kwa nini?"

"Daktari wa shule anataka."

"Mbona mwalimu hakutuambia?"

Tangu utotoni unauliza maswali ya kliniki. Nikakuahidi soda nyekundu, ukaenda chooni na chupa. Uliporudi ulinipa kwa mikono miwili, ukainamisha kichwa kidogo, jinsi nyanya yako alivyokufundisha kumpa mtu mzima kitu. Mikono miwili, Nekesa. Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule lakini hilo halijanitoka.

Chupa niliibana kwapani ili isipoe, nikatembea hadi kazini na mkono mmoja umeganda. Wenzangu wakaniuliza, "Stiwadi, mkono una nini?" Nikasema jipu. Wakanipa pole. Mmoja akanieleza dawa ya jipu hadi getini. Mutua alikuwa anatembea kando yangu, akipungia watu mikono yote miwili bila wasiwasi.

Nilipita. Ningekosaje kupita? Nilikuwa safi kama mtoto wa darasa la pili. Jamaa mmoja wa mashine ya kukatia sabuni, aliyekunywa tangu Ijumaa hadi Jumapili, macho yakiwa kama makaa, naye akapita, kwa sababu walichotafuta hakikuwa chang'aa. Aliingia kuendesha mashine siku hiyo hiyo akiyumba.

Mutua akaanguka.

Walitumia vijiti. Mstari ukitokea, uko safi. Usipotokea, una bangi. Wa Mutua haukutokea. Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Akamwambia yule kijana wa glavu, "Kijana, umechanganya vikombe." Wakachukua kijiti kingine kutoka pakiti ile ile. Mstari haukutokea. Kati ya watu waliokuwa kwenye foleni mmoja akasema kwa sauti, "Hata shemasi!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo. Kabla ya saa ya chakula Mutua alikuwa nje ya geti, ameshika kalamu tu. Ubao ulikuwa mali ya kampuni.

Jioni aliniita nyuma ya nyumba, pale kwenye kamba za kuanikia nguo.

"Nataka kukuambia kitu ambacho anakijua mke wangu peke yake," akasema. "Natumia dawa."

"Dawa gani? Za mgongo?"

"Baba Nekesa, usinifanye niseme kwa sauti." Akashika shuka iliyoanikwa, akaikunja, akaikunjua. "Zile za virusi. Mwaka wa tatu sasa."

Alikuwa ametoka getini moja kwa moja hadi kliniki anakochukulia dawa. Muuguzi wa pale hakushangaa hata kidogo. Alimwambia kwamba kile kidonge chake cha kulalia, kilichokuwa kikimpa ndoto za ajabu, kinaweza kukifanya kijiti cha namna ile kisome bangi ambayo haipo. Alisema jambo hilo linajulikana. Kinachohitajika ni kipimo cha pili kwenye maabara kubwa, kwa mashine inayotafuta bangi yenyewe, nacho kingemsafisha. Siku hizi wamebadilishiwa kidonge, lakini wakati huo ndicho walichokuwa wakipewa wengi. Muuguzi alikuwa tayari kumwandikia barua. Tatizo lilikuwa juu ya karatasi: jina la kliniki. Kila mtu Eastlands alijua kliniki ile inatibu nini.

"Nikiipeleka barua hiyo," Mutua akaniambia, "watanirudishia kazi na kuninyang'anya jina. Watoto wangu wataitwa watoto wa nani? Lakini wewe ni Stiwadi. Jumatano kuna mkutano. Simama useme kila aliyeanguka apimwe tena maabara. Wote. Usinitaje."

"Nitasema."

"Utasema kweli?"

"Wewe ulisema sakafu. Mimi nitashindwaje kusema maabara?"

Nimesimama tena. Nimeenda hadi mlangoni, nimerudi. Umeniona ukipita na taulo, umeniuliza kama nina njaa. Sina njaa.

Jumatano kantini ilijaa. Kabla hajauliza mtu yeyote lolote, meneja akasema wamesikia kuna waliokuja na mikojo ya watu wengine. "Mkitaka turudie," akasema, "tutarudia kwa wote, na safari hii kila mtu atatazamwa akikojoa." Halafu akanigeukia. "Stiwadi, una neno?"

Nikasimama. Neno lilikuwa kinywani, Nekesa. Nililisikia kwenye ulimi. Nikasema, "Tunaishukuru kampuni kwa kujali usalama wetu."

Nikaketi. Wachache wakapiga makofi.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili nililifanya jioni, nyuma ya zile kamba. Nilimwambia Mutua, "Nilipigana, ndugu yangu. Wamekataa katakata." Akanishika mkono, mkono wenyewe niliosema una jipu, akaniambia asante kwa kujaribu.

Yaliyofuata uliyaona bila kujua unaona nini. Walihama mtaa huu, wakaenda chumba kimoja Tassia. Aliomba kazi ya ukarani hapa na pale, na kila mahali waliuliza kwa nini aliondoka kazini. Mwishowe akaenda kukaa na binamu zake wanaochonga mbao upande wa Majengo, mtu wa miaka arobaini akijifunza kushika tezo na vijana wakimcheka. Leo miiko yake imejaa jikoni mwetu. Krismasi zote amekula kwenye meza hii hii, amekubeba mabegani, amepiga vigelegele siku ya kuhitimu kwako, ulipovishwa kofia. Mimi nilikaa kiwandani miaka mingine tisa na nikaondoka na cheti cha utumishi mwema. Kimefungwa kwenye sanduku. Sijawahi kukitundika, na mamako hajawahi kuniuliza sababu.

Bangi niliacha mwaka ule. Usinisifu, sikuacha kwa hekima. Iliacha kuwa tamu. Na sikuandikii kukuambia kwamba bangi ni shetani. Nawajua wavutaji waliolea watoto vizuri kuliko mashemasi wawili watatu ninaoweza kuwataja. Wala sikuandikii kukuambia kupima watu ni uonevu mtupu. Mtu aliyekuwa hatari kwenye ile sakafu alikuwepo kweli. Alikuwa mimi. Anayeendesha chuma kizito karibu na tumbo la mwenzake anastahili kuulizwa kama yuko macho. Kinachonikosesha raha ni kwamba kikombe kilimuuliza kila mtu swali moja, na mimi niliyekuwa hatari nikalijibu kwa mkojo wa mtoto, mlevi akalijibu kwa bahati, na mtu aliyekuwa akimeza dawa yake kila usiku kwa uaminifu akafukuzwa kwa sababu ya uaminifu huo.

Sasa kikombe utakishika wewe. Sijui sheria za kiwanda chako na sitajifanya najua kazi yako. Lakini nimewaza hivi miaka yote hii nikiwa kitandani, nikiwa bafuni, hata nikiwa kanisani: kama mtu mmoja tu angemwita Mutua pembeni kabla ya kile kijiti, mlango umefungwa, akamuuliza polepole ni dawa gani anazomeza, na akamwuliza kila mtu vivyo hivyo ili asionekane yeye peke yake. Kama angesema kijiti ni cha kuanzia tu, na kwamba hakuna anayeondoka getini kabla ya kipimo cha pili. Kama jibu lingebaki kliniki, na meneja akaambiwa tu huyu anaweza kufanya kazi au hawezi. Na mimi je? Kama mtu wa duka la dawa angeniuliza, bila kukunja uso, "Na bangi, mzee?" Labda ningedanganya. Mimi nilikuwa mwongo mzuri. Lakini ningejua kwamba kuchanganya vile viwili ni hatari, na Mutua asingeruka.

Watakuja kwako watu kama yeye, Nekesa, na watu kama mimi. Mimi utanitambua: nitakuwa mchangamfu, nitakutania, nitakuita daktari. Yeye hutamtambua.

*

Nilikuwa nimefika hapo nikidhani nimemaliza. Wewe umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya, na mamako amekuja kusimama nyuma yangu akiwa na kitambaa cha vyombo. Amesoma kila ukurasa. Ya chupa hakuwa akiyajua. Nilisubiri anipige na kile kitambaa.

Akasema, "Haya yako nimeyasoma. Na haya ya Mutua ni ya nani?"

"Ni sehemu ya hadithi."

"Hadithi yako?" Akaweka kidole pale kwenye kamba za nguo. "Baba Nekesa, huyu mtu alikuambia jambo moja maishani mwake akakuomba usimtaje. Sasa unalitia kwenye bahasha lipande basi."

Nikasema, "Nekesa ni muuguzi. Anajua kutunza siri."

"Ndiyo. Wewe je?"

Ningeweza kulifuta jina lake, lakini hata ungesoma nusu ungemtambua. Ningeweza kuichana barua yote, nikakuaga kesho kwa kukukumbatia kama baba wengine, na niseme kweli, nilipenda sana wazo hilo. Mamako akanishushia koti kutoka kwenye msumari. Nikakunja karatasi, nikapanda pikipiki hadi Tassia.

Mutua alikuwa nje ya mlango wake, anapiga msasa mwiko. Aliponiona na koti la Jumapili akasema, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuletea kitu usome. Ni barua ninayomwandikia Nekesa. Ukiikataa, naichana hapa hapa."

Alitafuta miwani, akasoma. Yeye husoma polepole, karani wa zamani, kidole chini ya kila mstari. Kwenye jipu alitabasamu. "Hili nilijua," akasema bila kuinua kichwa. "Jipu lililopona kabla ya saa nne? Nilijua siku hiyo hiyo."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Una mtoto. Nilisema ile ni bahati yako, nikaiacha."

Akaendelea. Alipofika kantini kidole kilisimama. Alirudia mstari ule, nikaona midomo yake ikisoma: tunaishukuru kampuni. Akavua miwani. Mtoto wa jirani alikuwa akirusha mpira ukutani, Mutua akamwambia kwa upole akacheze mbele.

"Hukusimama," akasema.

"Nilisimama. Sikusema."

"Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia mke wangu, yule mtu alinipigania. Nilipokosa kazi nikawa nasema, angalau Baba Nekesa alijaribu." Akachukua mwiko, akauangalia, akauweka chini. "Ungeniambia tu umeogopa. Ningeelewa woga. Mimi mwenyewe niliogopa barua ya kliniki."

Nilisema pole, na tulipotazamana nikajua ni neno lile lile la miaka ile, na bado halina breki.

Halafu akakunja karatasi kwa mikunjo ile ile niliyoikunja mimi, akanirudishia. "Mpe," akasema. "Na jina liache. Anaenda kushika vikombe vya watu. Afadhali amjue mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kikombe."

"Asante, Mutua."

"Usinishukuru, sijamaliza. Kesho nitamsindikiza mimi hadi kwenye basi. Mimi peke yangu. Kuna mambo ya dawa nataka kumwambia kwa mdomo wangu, ambayo hukuyaandika kwa sababu huyajui. Wewe ubaki nyumbani."

"Ni mtoto wangu, Mutua. Anaondoka nyumbani kwa mara ya kwanza."

"Na ile ilikuwa kazi yangu."

Nikakubali. Sikutaka kukubali, Nekesa. Nilitafuta hoja njia nzima nikirudi, na mimi kwa hoja unanijua, nilikuwa Stiwadi. Sikupata hata moja ya kusimama nayo.

Kwa hiyo kesho usinitafute kwa macho pale stendi. Nitakukumbatia hapa mlangoni na kukupa bahasha hii, uifungue mkishafika stendi, kabla basi halijajaa, yeye akiwa kando yako. Muulize chochote. Ukitaka kunikasirikia, una safari nzima ya kufanya hivyo, na ukifika unipigie uniambie kwa sauti. Nitashika simu hadi umalize. Mamako atakuja nanyi hadi kona tu. Mimi nitakuwa ndani, nimekaa.

Babako,
asiyekuwa na neno lingine